Chandarua cha Sambaza

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Nilipoajiriwa kuangalia betri kwenye mtambo wa umeme wa jua huko Kanama, nilimtafutia mama kazi ya kuosha paneli, kisha nikaanza kujisifu mbele yake. Nikamwambia makontena ya betri yanatoa hewa ya moto kwa nyuma, mchana kutwa, bure. Mama ni mtu wa Nyamyumba, kando ya ziwa, ameuza sambaza maisha yake yote, na msimu wa mvua samaki hao wadogo hawakauki, wanaoza. Angeachaje kunisikia?

Asubuhi moja mvua ilikatika, jua likatoka kali, na kwenye skrini yangu joto la kontena la tatu likaanza kupanda. Nikapangusa macho. Likapanda tena, king'ora kikalia. Sheria yetu ni moja: betri ikipata joto hivyo, wote nje ya uzio na harudi mtu, maana moto wake hauzimwi kwa ndoo za maji.

Getini msimamizi alituhesabu. Waosha paneli ni wanawake sita. Walikuwepo watano.

"Mama yako iko wapi?" mmoja wao aliniuliza.

Nilijua alipo. Nikatimua mbio kurudi ndani, msimamizi akinipigia kelele, nami nimejaa hasira: mtu mzima mzima afe kwa ajili ya samaki!

Nilimkuta nyuma ya kontena. Chandarua kikuukuu kilichojaa sambaza kilikuwa kimefungwa kwa kamba juu ya matundu ya hewa, kimeyaziba yote. Alikuwa akifungua mafundo kwa meno.

"Mama, achana na sambaza! Twende!"

"Sambaza ya nini? Wakikuta hii kitu hapa, donc basi watakufukuza we. Shika huku!"

Ndipo nikaona samaki wamemwagika matopeni, naye anawakanyaga bila kuwatazama. Nikashika. Fundo la mwisho tulilivuta pamoja mpaka kamba ikakatika. Hewa ya moto ikatupiga usoni, nikamkokota hadi getini. Tulisubiri pale mpaka joto likashuka na king'ora kikanyamaza.

Msimamizi alikiona chandarua mkononi mwa mama, kinanuka samaki, akaelewa. Akamuuliza nani alimwambia hewa ile inakausha samaki.

Mama hakugeuka upande wangu. "Hakuna mutu. Ni akili yangu mi mwenyewe."

Alifukuzwa siku hiyohiyo. Mimi, niliyekuwa na maneno mengi kuliko redio, nilisimama na kofia yangu ya kazi kichwani, nikanyamaza. Naona aibu hadi leo.

Bado niko kazini kule. Kila Jumapili mama hunipakulia sambaza aliowaanika juani, juu ya mawe ya ziwani, na huniuliza kama kazi inaendelea vizuri. Namwambia inaendelea vizuri, naye hufurahi, na mimi nakula.