Chapati za Makofi

Hadi leo nikisikia unga ukipigwa viganjani, pa, pa, pa, hasira hunijia kabla ya njaa. Msiniambie nisamehe, kwanza nisikilizeni.

Nilikuwa msichana mdogo, na kwetu Kashozi chapati ilikuwa chakula cha Krismasi. Siku nyingine tulikula ndizi kwa maharage. Mama hakuwa na kibao wala mti wa kusukumia. Aliupiga unga kutoka kiganja hiki hadi kile mpaka ukatandaa, kisha akaukaanga kwa samli, harufu ikatoka jikoni ikaenea kibanjani, katikati ya migomba na mibuni. Sisi tuliotoka misani tulimeza mate.

Krismasi moja Shangazi Kokugonza, dada yake baba, alikuwa amekuja kutoka Bukoba mjini. Akainua chapati moja kwa ncha za vidole mbele ya wageni.

"Waitu, wifi! Hii umeipika au umeichapa makofi? Sisi mjini tunasukuma."

Wageni wakacheka. Baba naye akacheka. Mama akafunika sinia kwa jani la mgomba, na tangu siku hiyo hakupika chapati tena. Niliapa moyoni kwamba Shangazi atanitambua.

Nilipokua nikafungua mgahawa Muleba, mabasi yanaposimama. Mteja wangu mmoja, mzee wa Kihindi muuza vitambaa, ndiye aliyenipa silaha. Aliniambia kwamba jina chapati limetoka kwao, kwenye neno lenye maana ya kofi, kwa kuwa bibi zao waliutandaza unga kwa kuupiga viganjani. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Mti wa kusukumia nikautia jikoni ukawa kuni.

Mwaka jana Shangazi alishuka kwenye basi, amezeeka, ana njaa. Nilimkalisha karibu na jiko, nikazipiga zile chapati kwa nguvu zangu zote huku namtazama usoni. Nikamweleza maana ya jina, polepole, wateja wakisikia. Alikula, akaomba nyingine. Sioni aibu kusema nilifurahi sana.

Jioni nilimsimulia Mama, ambaye siku hizi anaishi kwangu. Utotoni nilidhani kunyamaza kwake ni kusahau, na kwamba kinyongo kile nilikibeba peke yangu.

"Aliomba nyingine?" akauliza.

"Aliomba, Mama."

Akanawa mikono, akauliza unga uko wapi.