Besi Iliyong'arishwa kwa Ajili ya Wageni

Sisi tuliokulia kwenye kambi ya wafanyakazi pale Likasi, enzi za Zaire, hatukuhitaji kuambiwa kwamba orkestra inafanya mazoezi. Tulikuwa tunaruka kamba uani, mara ardhi inaguna chini ya nyayo, basi tunajua baba yangu amewasha ampli. Baba alikuwa mpiga besi wa orkestra ya kambi. Mchana alikuwa kiwandani kwenye shaba, na akirudi, hata kabla ya kunawa, alikaa kwenye kiti chake na kulivuta lile gitaa la besi mapajani.

Gitaa na ampli vilikuwa mali ya klabu ya kambi ingawa vilikaa kwetu, vimeachwa na Wazungu waliorudi kwao, na hata siku hizo vilikuwa vikuukuu. Ampli ilikuwa ya malampe, zile taa za kioo za ndani, siyo hizi za leo unabonyeza inalia papo hapo. Uliiwasha, ukangoja malampe yapate moto, chumba kikanuka vumbi linaloungua, ndipo ukapiga. Nyuzi za gitaa hazikuwahi kubadilishwa. Zilikuwa nyeusi kwa jasho na mafuta ya vidole, na ndiyo maana sauti ilitoka nene na fupi, tum, halafu kimya. Baba alitukataza kuzigusa. "Hii uchafu njo sauti yenyewe," alikuwa akisema. Sisi watoto tulicheka. Mama hakucheka.

Mama alipita fwaye, kule ambako wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na zaidi ya yote kusugua. Wakaguzi walipita nyumba kwa nyumba kuangalia sufuria na sakafu, na yeye hawakuwahi kumkuta na doa. Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya pamoja, wakati majirani wanafagia barabara huku wananung'unika, mama alimaliza sehemu yake akarudi kuanza nyumbani upya. Siku hizi mtoto ukimwambia aoshe kikombe anakuuliza kwani yeye ndiye aliyekitumia. Sisi tulisugua sufuria kwa majivu mpaka vidole vikachubuka, kisha tukapewa ugali wetu wa bukari na mboga ya sombe, tukashukuru.

Basi ikaja habari kwamba fundi wa redio atatoka Lubumbashi na mashine yake ya kurekodi. Ukumbi wa klabu ulikuwa na mwangwi mbaya, hivyo wimbo mpya wa orkestra ungerekodiwa sebuleni kwetu. Mwendo wa besi katika wimbo ule baba aliutunga mwenyewe. Alikwenda kazini akiuimba kwa mdomo juu ya baiskeli, akarudi akiuimba. Hakuwa mtu wa kutaka mengi, lakini hilo alilitaka: watu wasikie besi yake redioni.

Siku yenyewe baba akiwa bado kiwandani, mama alifunga kitenge kiunoni. "Bageni banakuya," akasema. "Hakuna kitu itabakia chafu mu hii nyumba." Akafua mapazia, akapiga sakafu nta, akapangusa ampli. Halafu akaliona gitaa pale kwenye kona, na nyuzi zake nyeusi. Alizisugua moja moja kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha kwa majivu, kisha kwa sabuni, mpaka zikametameta. Alirudi nyuma kidogo akazitazama, akaridhika.

Alasiri wakaja: fundi, mkuu wa orkestra na wapigaji wengine. Baba alifika amechelewa, akaketi moja kwa moja mbele ya ampli iliyokwisha kuwashwa, akapiga noti ya kwanza. Sauti ilitoka nyembamba, ikalia na kulia bila kunyamaza, kama kijiko kilichogonga bakuli. Wote wakageuka. Fundi akasogeza mikro ya kunasa sauti karibu, akaisogeza mbali, akafunika ampli kwa blanketi letu, akachomeka kipande cha sponji chini ya nyuzi. Mlio ukapungua, lakini ule unene haukurudi.

Mkuu wa orkestra akapitisha kidole kwenye nyuzi, akakinusa. "Nani alisafisha hii makamba?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vinywaji. Baba hakumtazama hata kidogo.

"Ni minye," baba akasema. "Niliona bageni banakuya."

"Weye? Weye mupiga besi muzima, unasafisha besi sawa sahani?"

Walicheka mpaka mpiga ngoma akaangusha fimbo zake. Fundi alikuwa mtu mpole. "Sitwayeni, piga tu," akamwambia, kwa lile neno la mwananchi tuliloitana enzi hizo. "Nitakuteremsha chini." Akaiteremsha sauti ya besi kweli. Baba akainama, akapiga mwendo wake wote bila kukosea, na magitaa mengine yakamfunika.

Wimbo ulipopigwa redioni kambi nzima ilitoka nje kusikiliza, na besi haikusikika. Baba akaitwa Bwana Sabuni, sisi tukawa watoto wa Sabuni hata shuleni. Masikio yaliniwaka kwa aibu kila asubuhi, na nilijua ukweli, lakini baba alikuwa amenionya nisiuseme. "Mama yako alipokea bageni," aliniambia. "Haina kosa." Tangu siku ile, baba akishika besi, mama alitoka kwenda kukaa nyuma ya nyumba.

Baba ametutoka sasa. Juzi mwanangu aliupata ule wimbo, akautia kwenye kompyuta yake. Vijana wa leo wananichekesha: ana programu ya kuichafua besi, malampe ya uongo na nyuzi kuukuu za uongo, anakaa ndani na vifaa vya masikioni akijiona fundi. Akamgeukia mama yangu, bibi yake. "Nkambo, besi ya nkambo mwanaume iko chini sana. Ngoja niipandishe."

"Usiipandishe," mama akasema. Alikuwa akitazama sakafu. "Batasikia vile niliharibisha."

Mtoto akaondoa mkono, akanitazama, nami sikuwa na macho ya kumtazama yeyote. Leo mtu akikosea, kabla ya jua kuzama kosa lake limezunguka kwenye kila simu. Enzi zetu baba yangu aliweza kulichukua kosa la mke wake, akaliita lake mbele ya watu, na kwa miaka yote ile mama aliishi akimsikia akichekwa.