Kilio cha Shangazi Minza

Juzi nilimwona shangazi Minza kwenye tamthilia, analia msibani, nikakumbuka mchana ule, nikiwa mtoto mdogo, tulipomzika bibi, mama yake, kule Dutwa.

Uani kulinuka moshi na wali wa msiba. Shangazi alishuka kwenye basi, akaja mbio akaanguka mlangoni. "Mayu! Mayu wane!" akawa anamwita mama yake kwa Kisukuma. Wanawake waliokaa mkekani wakatazamana.

"Mwacheni," mmoja alisema. "Huyu kulia ndiyo kazi yake."

Mimi nilijua hivyo hivyo. Tena niliona siku hiyo amelia vizuri kuliko kwenye runinga, basi nikampigia makofi. Nilingoja ainuke acheke.

Hakuinuka. Alinitazama, kamasi zinamchuruzika mpaka kidevuni. Kwenye runinga sikuwahi kumwona na kamasi. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikamsogelea, nikamfuta kwa pindo la gauni langu, naye akanikumbatia, tukalia wote.

Yule mama aliyesema aachwe akasogea, akampisha mkekani. "Njoo ukae, mwanangu."

Juzi kwenye tamthilia machozi yalimtiririka, uso mzuri, pua kavu. Hata hivyo nilijikuta nimeshika pindo la gauni.