Kaburi Nililosahau Kulitaja

Barabara ya mchepuko ilipopimwa ili malori yasipite tena Iringa mjini, watu wa mjini walishangilia. Mimi ilinipitia shambani. Jiko likapigwa X nyekundu, mparachichi X, hata choo X. Kisha mtathmini, kijana mpole mwenye buti safi, akaniuliza nina makaburi mangapi ya kuhamishwa.

"Matano," nikajibu harakaharaka, nikamwonyesha yale ya saruji, la mwisho la marehemu mume wangu. Akaandika, nikasaini. Mjinga mimi!

Kwetu mtoto mchanga hazikwi na wanaume. Wanawake wanambeba wenyewe, hakuna msalaba wala tuta, na mama yake anabaki ndani asione. Hata ukiulizwa makaburi, humhesabu. Kifungua mimba wangu aliishi siku nne, na baada yake sikupata mwingine. Walitoka naye, wakarudi wakanawa mikono, na mimi, mkwe mwenye adabu, sikuuliza.

Magreda yalipokaribia nikafunga safari. Nikaenda Kilolo kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Wenzake wote waliomzika mwanangu wameshatangulia.

"Wifi, mlimweka wapi?"

"Leo ndiyo unauliza?" akasema, machozi yakamtoka.

Nikaja naye. Akazunguka shamba na fimbo yake. Hapa. Hapana, pale, zamani palikuwa na mgomba. Nikachimba sehemu tatu kwa jembe langu mwenyewe, nikipekua udongo kwa vidole. Sikuona hata uzi wa kanga.

"Udongo umeshamaliza, wifi. Tuache," akasema.

Nikamfokea, Mungu anisamehe, mzee wa watu.

Mtathmini aliporudi nikamwambia aongeze moja. Hakubisha, masikini. Akashika kalamu.

"Jina la marehemu?"

Hakuwa nalo. Alikufa hatujampa.

"Basi nionyeshe lilipo, mama."

Nikamwonyesha shamba lote. Akafunga daftari lake taratibu, akanipa pole.

Makaburi matano yakahamishwa, lami ikamwagwa. Mimi nimejenga ng'ambo, peke yangu. Nikivuka kwenda kisimani navua kandambili, na kwa kuwa sijui ni wapi, nazishika mkononi kutoka ukingo huu mpaka ule. Lami inaunguza. Madereva wananipigia honi, "Mama, kimbia!" Sikimbii ng'o.