Mwanamke wa Kwenye Korido

Riziki yangu kwa miaka mingi imetokana na kusafisha filamu za zamani. Nikiwaambia hivyo jamaa zetu msikitini hudhani nashika kitambaa na sabuni. Ukweli ni kwamba nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha huko Soho, nafuta mikwaruzo kwenye skrini, fremu moja baada ya nyingine, kisha napanga mwanga na rangi mpaka picha irudi kama ilivyokuwa siku ilipopigwa. Baadaye kampuni huitoa kwenye diski, na wapenzi wa sinema huinunua wakaiangalie majumbani mwao.

Mwaka mmoja tuliletewa filamu ya mapenzi kutoka Ulaya, ya enzi zile ambapo sisi Wahindi wa Afrika Mashariki tulikuwa tunashuka uwanja wa ndege wa Heathrow na makoti ya kuazima. Ilipotoka ilizua zogo. Maaskofu waliilaani, miji mingine iliipiga marufuku, na hapa Uingereza ilikatwakatwa kabla ya kuonyeshwa. Wengi waliiona kwenye kanda za video zilizonakiliwa na kunakiliwa tena mpaka picha ikawa tope. Mimi ilinichosha. Mume na mke matajiri wamejifungia hotelini Bayswater, hapahapa jijini kwetu, wanavuana nguo, wanalaumiana, wanavuana tena, na hakuna hata mmoja anayeamka kwenda kazini. Na uchi nao, ukiutazama kutwa nzima fremu kwa fremu, unageuka ngozi tu, yenye vipele vyake na alama za lastiki.

Kuna kipande kimoja ambacho wasomi wamekiandikia kurasa na kurasa. Mke yumo bafuni, mlango uko wazi, na nyuma yake kwenye korido anapita mtu amebeba taulo. Kwenye kanda za zamani korido hiyo ilikuwa giza tupu, na ulichoona ni kitu cheupe kisicho na uso kikipita polepole. Wako waliosema ni mauti. Wako waliosema ni dhamiri ya Ulaya. Mpiga picha wa filamu, mzee aliyekuwa bado hai, alikuja kukaa nami aone ninavyopanga mwanga, na nilipomsomea maandishi hayo alicheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba korido ile ilikuwa na dirisha kubwa, na kwamba ni maabara ndiyo iliyoharibu nakala. Akaniomba niirudishe kama alivyoipiga, kisha akaenda kupumzika, nami nikaanza kupandisha mwanga.

Uso ukatoka. Alikuwa msichana wa Kihindi mwenye yunifomu ya mtumishi, mikono yote miwili imejaa taulo. Taulo ya juu alikuwa ameitupia kichwani na pindo lake amelibana kwa meno. Nilisimamisha picha. Wanawake wa kwetu ndivyo wanavyofanya mwanamume mgeni anapowatokea ghafla na mikono haina nafasi ya kushika mtandio. Marehemu mama alikuwa akifanya hivyohivyo mbele ya fundi bomba. Yule kwenye skrini hakuwa mauti, wala dhamiri ya mtu yeyote. Alikuwa shangazi yangu, dada yake baba, anayewafundisha watoto Kurani kila Jumamosi huko Walthamstow.

Nilipandwa na hasira, na sijui nilimkasirikia nani. Kisha hofu ikaja. Ukoo wetu una vijana wadadisi wa kutosha, na picha hiyo ikishaingia kwenye kundi la familia la simu, ingefika kila nyumba kabla ya sala ya Ijumaa. Wangemtafuna kama njugu. Mama mtu mzima, mwalimu wa watoto, kumbe aliigiza filamu chafu. Ningeweza kabisa kulirudisha giza kwa kuzungusha kidude kimoja, na yule mzee ningemwambia negativi, ile filamu ya asili, imekufa sehemu hiyo. Asingebisha, maana macho yake yalikuwa yamechoka. Lakini uso haukuwa wangu, na sikuona haki ya kuufuta bila kumwuliza mwenyewe.

Jumapili nikapanda treni ya laini ya Victoria mpaka mwisho wake, Walthamstow. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa nimebandika karatasi ya kaki ikaziba nusu ya skrini, upande wa bafu, kwa kuwa yako mambo mtu haangalii na shangazi yake. Nilimwamkia, akaniitikia, akanimiminia chai, nami nikamweleza shida yangu kwa kukohoakohoa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa miwani akasema nimwonyeshe.

Alijitazama akipita. Akaniambia nirudie. Mara ya tatu akanyoosha mkono akaibandua karatasi yangu, taratibu, na mimi nikaanza kukichunguza kikombe kana kwamba nataka kukinunua.

Akasema anamkumbuka yule mwanamke. Alikuwa amekaa ndani ya maji tangu asubuhi, maji yamepoa, anatetemeka, na wanaume wote wale wanabishana juu ya taa zao. Walipomaliza hakuna aliyemkumbuka, ikabidi shangazi ampe taulo mojawapo. Filamu yenyewe hakujua ni ya nini wala hakuuliza. Alikuwa kazini kwake anapita, mtu akamwambia apite tena, akapita.

Nikadhani huo ndio mlango wa kumfariji. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaizima sehemu ile, hakuna atakayemhusisha na uchi wa mtu. Akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyekosea herufi.

“Uchi ni wake yeye,” akasema. “Mimi mbona n'mejisitiri. Inayonchoma mimi ni hiyo yunifomu.”

Hapo nikaelewa, na nikaona nilivyokuwa mjinga. Tulipokuwa tunabanana kwenye fleti ya kupanga Kilburn, babu yangu, aliyekuwa na duka la vitambaa Unguja kabla ya kuondoka na sanduku moja, alikuwa akimwambia kila mgeni kwamba binti yake ni karani wa hoteli. Shangazi alitoka kila asubuhi na koti lililopigwa pasi na mkoba wa ofisini. Yunifomu ililala hukohuko kazini. Mikono iliyopasuka kwa dawa za kusafishia mabafu aliisingizia baridi ya Ulaya, na babu akamnunulia glavu. Alikufa akijua ameacha karani. Mimi nilifikiri shangazi ataogopa maneno ya watu, kumbe miaka yote hiyo alikuwa bado anamwogopa baba yake. Iliniuma sana kulijua hilo nikiwa nimeshaota mvi.

Nikamwambia basi, giza litarudi, na siri yake itabaki palepale ilipo. Alikuwa ameinamia skrini, ile picha imesimama, pindo liko kwenye meno.

“Kwetu Unguja tulikuwa na mtumishi,” akasema baadaye. “Yeye ndo alonkogesha tokea mdogo mpaka nkawa mwari. Yeye ndo alonsuka nywele. Siku tunaondoka alisimama mlangoni analia. Basi, wallahi, tokea ulipoanza kunonyesha hii namtafuta uso wake, siupati. Mikono naiona. Kanga yake naiona. Uso hamna.”

Nilimwuliza kama haikubaki picha yake hata moja. Akasema zilipigwa nyingi pale nyumbani, za Idi, za harusi, na kila ilipopigwa picha yule mama alikuwa jikoni.

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio wake, akaivaa tena.

“Uso wangu mimi uwache,” akasema.

Nikafunga kompyuta nikajitayarisha kuondoka. Alinisindikiza mpaka mlangoni, na pale akanishika mkono wa koti akaniuliza kama watu watamwona vizuri hata wakiwa na televisheni ndogo. Nikamwambia watamwona.