Vumbi la Ndege ya Baba

Ndege ndogo ya plastiki niliiunganisha vizuri sana, na shida ilianzia hapo. Iling'aa kama imetoka dukani. Baba yetu, wakati wa ile vita kubwa ya Wazungu, alikuwa kibarua wa kuosha ndege za kivita huko jangwani, na hakuna siku alisema ameosha ndege safi.

Binti yangu ndiye aliniletea pakiti ya vipande vya plastiki. Shule niliachia darasa la tatu, lakini maelezo yake ni michoro tu, kwa hivyo sikuhitaji mtu wa kunisomea. Nilitaka kitu kimoja: ndege ile aliyoshika Baba, na uchafu wake. Wa kunisahihisha amebaki mmoja, kaka yangu mkubwa, anayekaa Timboroa.

Nikapaka rangi ya fedha chini na ya kahawia juu, nikakwaruza kwa sindano pale mafundi walipokanyaga bawa. Nyuma ya mabomba ya moshi nikapaka masizi ya sufuria. Halafu nikachekecha vumbi la barabara ya hapa kwetu Huruma kwa soksi kuukuu, nikalipaka tumboni. Wiki mbili, mgongo unaniuma.

Kaka akaja, hata koti hajavua.

"Mama," akaniita kama kawaida yake, "hii ilitua Huruma?"

"Mzee, angalia vizuri."

"Naangalia. Huu ni udongo wetu, mwekundu. Jangwani mchanga ni mweupe."

Alisema kweli, na hiyo iliniudhi zaidi. Nikaiosha. Vumbi likatoka, masizi yakatoka, na stika ya bawa la kushoto ikaenda na maji. Nikaanza upya, masizi tena, na majivu ya jikoni badala ya vumbi.

Mwezi uliofuata kaka akarudi, akaigeuzageuza mkononi. "Sasa moshi umezidi. Ndege za Baba hazikuwa hivi."

"Baba alisema zilikuwa vipi?"

Akaigeuza tena ndege.

"Mzee, nakuuliza."

"Hakusema."

"Na mchanga mweupe?"

"Huo niliuona kwa televisheni. Baba alisema tu sabuni ilimpasua mikono."

"Hiyo hata mimi niliisikia!"

Mara mbili nimesahihishwa na mtu asiyejua zaidi yangu! Na Baba tulikaa naye miaka mingi, tukila chakula chake, hakuna aliyemuuliza. Nikamwambia kaka aweke ndege mezani anywe chai. Nikachovya brashi kwenye masizi, nikaongeza mengine mbele ya macho yake. Yeye akanywa chai yake.