Kahawa ya Ibra Katikati ya Atlantiki

Kwii-chaka. Kwii-chaka. Mpaka leo, nikiwa naosha vyombo hapa mjini kwetu Ibra, sauti hiyo hunijia masikioni nikacheka peke yangu. Si mawimbi, wala si upepo kwenye matanga kama unavyodhani. Ni pampu ya choo. Nakumbuka alasiri moja katika bahari ya Atlantiki pampu ile ililia bila kupumzika mpaka jua likaanza kuzama, na sababu ilikuwa mimi.

Mwanangu Salma, nakuita mwanangu ingawa tumepishana miaka minane tu, na juzi ulinicheka nilipokuita hivyo mbele ya wenzako. Mtoto wa kaka yangu ni mwanangu, khalas. Jumapili unaanza kazi mapokezi kwenye hoteli ile ya Nizwa, na baba yako kanambia huli, hulali, abaya moja umeipiga pasi mara nne. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Kwenye simu ungenikatiza.

Ulikuwa bado uko shule nilipoondoka. Nilikuwa natandika vitanda kwenye hoteli moja mlimani Jabal Akhdar, na kila nikikung'uta shuka dirishani natazama mawingu yaliyolala bondeni, nayapa majina kama visiwa. Siku moja mgeni wa chumba akanikuta. Mreno, mama wa makamo, jina lake Inesi, mikono yake mikavu kama ya seremala. Akaniuliza natazama nini, nikamwambia kweli, visiwa. Hakucheka. Akasema yeye ni nahodha wa merikebu ya mbao yenye milingoti miwili, inayotembeza wageni baina ya visiwa vya Atlantiki, na anatafuta msaidizi wa jikoni. Hajamaliza, mimi nishakubali.

Masharti yake yalikuwa mepesi kuyaelewa. Nitajaribiwa kutoka Tenerife mpaka Madeira, siku tatu za tanga. Nikifaa, nabaki msimu mzima. Nisipofaa, ananikatia tikiti pale Madeira narudi kwetu.

Baba yangu alitaka azungumze na Inesi kwa simu ya video, akazungumza naye mara tatu, mara ya tatu wakawa wanaongea habari za magoti yao yanavyouma, nikajua nimeshapata ruhusa. Aliyebaki ni Bibi, ambaye unamjua. Kazaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, na mpaka leo anaitazama Ibra kama mgeni aliyekuja kwa muda.

"Uende baharini ukafanye nini, ukavue?"

"Nakwenda kupika, Bibi."

"Hapa hakuna majiko?"

Lakini ndiye aliyenifungia mzigo. Dalla la shaba la kumiminia kahawa, finjani kumi na mbili zilizozungushiwa soksi zisivunjike, bunni ya kahawa ya kutosha msimu mzima, iliki, na tende za aina ya khalas. Akanishika mkono mlangoni. "Usiniaibishe. Finjani ya mgeni haikai tupu." Mtaa mzima ukaja kuniaga, mpaka wasiotusalimia. Sasa wewe fikiri, niagwe na mtaa mzima kisha nirudi baada ya siku tatu. Wangeniuliza ilikuwaje mpaka nizeeke.

Basi nikaingia merikebuni. Tulikuwa mabaharia sita na wageni kumi, wengi wao wazee waliostaafu. Wageni wenyewe wanavuta kamba, wanashika zamu, wanasugua sitaha, na wamelipa ili wafanyishwe kazi hiyo. Nilimweleza mama kwa simu, akaniambia nimefahamu vibaya. Mpishi alikuwa Tito, mzee wa Kepu Vede, anayeiimbia sufuria ikichelewa kuchemka. Wakati wa sala ukifika, mshika usukani, kijana mmoja mrefu jina lake Julio, alikuwa akitazama dira ananinyooshea kidole Makka ilipo, kisha merikebu ikigeuka ananikoholea taratibu kunijulisha kuwa Makka imehamia upande mwingine. Moyo wangu ulijaa mapenzi kwa watu wale. Nikataka kuwapa kitu.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, bahari ilikuwa shwari na wageni wamekaa juu wote. Nikamwomba Nahodha Inesi ruhusa niwatilie kahawa ya kwetu. Akafurahi sana. Baadaye ndipo nilipojua kuwa, nilipoteremka jikoni, aliwaambia wageni: binti huyu yuko mbali na kwao, katuletea kitu cha nyumbani kwao, tafadhalini, atakachowapa msikikatae.

Wewe unajua kahawa yetu inavyotolewa. Dalla mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, unatia kidogo tu, mgeni anakunywa anakurudishia, unamtilia tena. Akitosheka anaitikisa finjani, na wewe unapita. Hakuna mtu aliyewahi kutufundisha, tumekulia ndani yake, mtoto wa miaka mitatu hapa Ibra anatikisa finjani. Haikunipitikia hata kidogo kwamba iko nchi watu hawajui.

Nikaanza kwa mzee Hans, mgeni mkubwa kuliko wote, ana miaka themanini na masharubu meupe. Akanywa, akanirudishia, akatabasamu. Nikamtilia. Akanywa, akanirudishia. Nikamtilia. Ya sita alinishukuru kwa Kiingereza, nami nikamshukuru, nikamtilia. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, huyu mzee kaipenda. Nikaenda kwa wa pili, mpaka kwa Nahodha na mabaharia, mambo yakawa yale yale. Wote wameipenda. Dalla likaisha, nikakimbia jikoni kupika tena, na bunni ya msimu inateremka naiona, lakini sauti ya Bibi ilikuwa inanisukuma mgongoni. Tito akaniuliza, "Bado wanakunywa?" Nikamjibu kwa majivuno kuwa hawaachi.

Mzunguko wa tatu niliona mikono ya mzee Hans inacheza. Nikadhani uzee. Mke wa mgeni mmoja alikuwa anaongea upesi upesi na hakuna anayemsikiliza. Nahodha mwenyewe, na finjani yake ya kumi na moja, alikuwa anaing'arisha kengele ya shaba kwa mara ya tatu. Kisha mmoja akainuka akaenda chooni. Kisha wawili. Vyoo vilikuwa viwili, vya kupampu kwa mkono, mara kumi kuingiza maji na mara kumi kuyatoa. Kwii-chaka. Foleni ikaanza ngazini ikapanda mpaka sitahani.

Ndipo upepo ukageuka.

Nahodha akapiga kelele kila mtu ashike kamba yake. Merikebu kama ile haina mashine ya kushusha tanga, ina watu. Na watu wangu wako wapi? Watano kwenye foleni, wawili ndani ya vyoo, mzee Hans kashika kamba lakini mikono haimtii, na Julio yupo usukanini kakunja miguu kama mtoto wa darasa la kwanza. Tanga la mbele likapigwa na upepo, pah, pah, pah, halafu likalia mlio mwingine, mrefu. Lilipasuka urefu wa mtu mzima.

Tulipolishusha hatimaye, kilichosikika ni kwii-chaka. Pampu tu. Nahodha akasimama mbele ya lile tanga, akauliza kumetokea nini na watu wake.

Nikasema ni mimi. Nikasema nilikuwa nawatilia kahawa mpaka watosheke, na hakuna aliyetosheka.

"Nilitosheka ya pili," akasema mzee Hans, kakaa juu ya fungu la kamba, masharubu yanatetemeka. "Nilikuwa nangojea wewe utosheke."

"Sasa mbona hukuitikisa finjani?"

"Niitikise kwa nini?"

Nikachukua finjani nikamwonyesha, kushoto, kulia, kushoto. Nikawaeleza. Watu kumi na tano wakanitazama mimi na kile kikombe. Tito alikuwa wa kwanza, alianza kwa kukohoa, akaishia kulala kifudifudi juu ya meza ya kukatia samaki, anacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona tikiti.

Nahodha aliniita pembeni. Hakupandisha sauti, na maneno yake nimeyahifadhi. "Mimi niliwakataza wasikatae. Wewe hukuwaambia namna ya kukataa. Tumewafungia wageni wetu ndani, mimi na wewe, kwa mapenzi." Akaliangalia tanga. "Kesho tutalishona sote wawili. Na kahawa utaileta saa ile ile, ila kabla hujamimina tone, utawafundisha kutikisa."

"Na Madeira?"

"Madeira utashuka sokoni na Tito mkanunue mboga za msimu mzima," akasema, kisha akanipita mbio, maana choo kimoja kilikuwa kimeachwa wazi.

Mwanangu, Jumapili utasimama nyuma ya ile meza na utataka kila anayeingia akupende. Nakujua, tumefanana. Utawapa tende, utawapa kahawa, utawaambia karibuni mpaka midomo ikuume. Wape. Lakini mgeni mwonyeshe na mlango wa kutokea. Mwambie mapema namna ya kusema basi, bila ya kuona haya, kwa sababu hajui, na adabu aliyolelewa nayo kwao itamfanya anyamaze huku anaumia. Anayekushukuru sana, mtazame mikono. Na wewe pia, wakikubebesha kazi juu ya kazi nawe unatabasamu, usingoje wao wajue wenyewe kuwa umetosheka. Waambie. Na ukikosea, sema ni mimi kabla hujaulizwa mara ya pili. Utaona wengine nao watakuja kuchukua fungu lao la kosa.

Mungu akufungulie milango yenye kheri, akukutanishe na wakubwa wanaorekebisha bila ya kuvunja, aulaze moyo wako mwepesi kila siku ya kazi. Radhi yangu unayo, na ya Bibi pia, ingawa yeye anauliza kama Ibra hakuna hoteli.

Liko moja ambalo sijamwambia mtu. Kabla Nahodha hajaniita pembeni, niliteremka chumbani nikafunga begi langu, ili nisifukuzwe huku nguo zimetawanyika. Nilipotoka kuzungumza naye nikarudi tena kule chini, watu wote wako juu. Nikalifungua begi, nikazitoa nguo moja moja, nikazikunja upya, nikazipanga kwenye kile kirafu chembamba juu ya kitanda changu.